Kurudi kwenye CNC na kuizoea kontrola ngeni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Malindi

Nilijifunza kukereza Mombasa kwenye lethi ya mkono, kisha nikapelekwa kwenye lethi ya CNC, yaani inayoendeshwa na kompyuta kwa programu. Kontrola yake, yaani hiyo kompyuta, ilikuwa ya kampuni ya Fanuc. Baadaye niliiacha kazi, nikauza mbao miaka tisa. Niliporudi nilirudia huku Malindi, kwenye karakana yenye lethi ya mtumba ambayo kontrola yake ni Siemens. Vitufe nilivyovizoea havikuwapo, na vilivyokuwapo sikuvijua. Mafundi wanaotaka kurudi kazini hupita hapa baada ya alasiri, na maswali yao huwa yaleyale. Haya hapa, na majibu ninayowapa.

Malindi ni mji wa watalii na wavuvi. CNC ina kazi gani huku?

Ipo kazi. Shafti za boti, bushi za bronzi, sehemu za pampu za mahoteli, na hasa pampu za mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, ambako maji ya bahari hula kila kitu. Nikuambie kweli lakini: nyingi huja mojamoja, na kwa kipande kimoja lethi ya mkono humaliza kabla hujaisha kuandika programu. CNC hujilipa bushi zikiwa thelathini na zote zitakiwe kufanana, au shafti ikiwa na ngazi nyingi na hesi (mikato ya skrubu) juu yake.

Kuna anayeniambia mitambo ya aina hii si ya huku. Humkumbusha Ngomeni. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lao la baharini pale mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa ya Wamarekani, ikapewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya husherehekea uhuru wake.

Nimekaa nje miaka kumi. Nitakuwa nimesahau yote?

Ulichosahau si tatizo, maana utauliza. Tatizo ni unachokikumbuka. Mkono wangu ulikuwa unajua kitufe cha kuanzisha kiko wapi bila macho kutazama, na kwenye mashine mpya mahali palepale palikuwa na kitufe kingine kabisa. Wiki ya kwanza nilifunga mkono wa kulia nyuma ya mgongo nikawa nabonyeza kwa wa kushoto, ili kila mara nilazimike kufikiri. Wenzangu walicheka. Sikujali.

Sikio hurudi lenyewe. Kisu kinapoanza kulia, maranda ya chuma yanapogeuka buluu, unajua cha kufanya kabla hujajua kwamba unajua. Hilo halina uhusiano na kontrola.

Misimbo ya G, yaani amri za programu, si ni ileile dunia nzima?

Msingi ndio. G00, G01, G02, G03, M03, M05, M08, M30: hizi utazikuta karibu kila mahali. Kiwango cha ISO 6983 cha mwaka 1982 kiliandika msingi huo kikaacha nafasi nyingi wazi, na kila kampuni ikazijaza ilivyotaka.

Msimbo ambao kontrola haiujui hauna madhara makubwa. Itapiga alamu, utanung'unika, utatafuta kitabu. Wa kuogopa ni ule inaoujua kwa maana nyingine, kwa sababu huo itautekeleza bila kusema neno.

Chukua G71. Kwenye lethi ya Fanuc ni mzunguko wa kupunguza chuma kwa mikato mizito. Kwenye Siemens G71 ni kusema tu kwamba vipimo ni milimita. Na G70, ambayo kwenye lethi ya Fanuc ni mkato wa kumalizia, kwa Siemens inamaanisha inchi. Yaani unaandika "malizia kazi", yeye anasikia "kila namba zidisha kwa 25.4".

G92 kwenye lethi nyingi za Fanuc hukata hesi. Kwenye milingi (mashine ambayo kisu ndicho huzunguka) ya Fanuc huhamisha sifuri ya kazi, pale vipimo vinapoanzia. G98 na G99 kwenye lethi hiyo husema mwendo wa kisu uhesabiwe kwa dakika au kwa mzunguko, ilhali kwenye milingi husema kekee irudi juu kiasi gani baada ya kila tundu. Fundi wa lethi anayehamia milingi hunaswa hapa. Na hata ndani ya lethi, F (mwendo wa kisu) ya 0.2 ikisomwa kwa dakika, kisu kitaonekana kimelala, hasara yake ni muda. F100 ikisomwa kwa mzunguko, hutapata nafasi ya kusema bismillahi.

Kuna G04 pia, ya kusubiri. Fanuc husoma P1000 kuwa milisekunde, yaani sekunde moja. Kontrola ndogo za GRBL, zile zinazofungwa kwenye mashine za kuchonga mbao, husoma P kwa sekunde. G04 P1000 hapo ni kusubiri dakika 16 na sekunde 40. Fundi mmoja wa milango aliniita akidhani mashine yake imekufa. Ilikuwa inasubiri tu, kama ilivyoagizwa.

Kwenye Siemens angalia pia kipenyo. DIAMON ikiwa kazini, X40 ni kipenyo cha milimita 40. DIAMOF ikiwa kazini, X40 ni nusu kipenyo, na umeagiza shafti ya 80. Maelezo ya programu nayo, yale Fanuc inayoyaweka kwenye mabano, Siemens huyataka nyuma ya nukta mkato.

Nimeliacha la mwisho lile linalonitia hofu kuliko yote. G96 huweka kasi ya mkato ibaki ileile, kwa hiyo kisu kinapoelekea katikati ya kazi, spindo, mhimili unaozungusha kazi, huongeza mizunguko. Lazima uiwekee kikomo. Fanuc ya lethi hutumia G50 pamoja na S. Siemens hutumia LIMS. Ukileta programu ya zamani, ukafuta ule mstari wa G50 kwa sababu "unaleta alamu", na usiweke LIMS, spindo itapanda hadi mwisho wa uwezo wake huku taya za kushikilia kazi zimeshika kipande cha kalibu kisichokaa sawa. Fundi asiyeniamini namwambia asimame mbele ya mlango wa mashine wakati huo. Hakuna aliyewahi kusimama.

Na nukta ya desimali?

Iandike kila mara. Kwenye Fanuc nyingi za zamani X10 bila nukta ni mikroni 10, si milimita 10. Zipo zilizobadilishwa kwa parameta 3401 (parameta ni mipangilio ya ndani ya kontrola) zisome milimita, kwa hiyo mashine mbili za aina moja karakana moja zinaweza kutofautiana. Ukiandika X10.0 zote mbili zitakuelewa sawa.

Kontrola hii sijawahi kuiona. Siku ya kwanza nifanye nini?

Usikate chochote. Jifunze kuisimamisha.

Anza na kitufe chekundu cha dharura. Kibonyeze mashine ikiwa tupu, uone kinazima nini, na hatua gani zinahitajika kuiamsha tena. Kisha andika programu fupi ya kisu kwenda na kurudi hewani, ubonyeze FEED HOLD kikiwa njiani. Kisu kitasimama, spindo itaendelea kuzunguka. Wapo waliopeleka mkono wakidhani yote yametulia.

Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute: kisu kikiwa kinakata hesi, FEED HOLD haikisimamishi papo hapo. Mashine humaliza mkato ule kwanza, kwa kuwa kisu na spindo vinakwenda pamoja na vikiachana hesi huharibika. Kwa hiyo ukiona kisu cha hesi kinakimbilia taya, usipoteze nusu sekunde na FEED HOLD. Piga chekundu.

Ukishajua kusimamisha, tafuta vitu vitatu: SINGLE BLOCK, ili mashine itekeleze mstari mmoja kisha ingoje; swichi ya kupunguza mwendo wa haraka, uiteremshe hadi asilimia 5 au 25; na ukurasa wa skrini unaoonyesha umbali uliobaki. Huo wa tatu ndio rafiki yako. Simamisha kisu kikikaribia kazi, tazama kwa macho. Ukiona pengo la milimita 20 hivi na skrini inadai imebaki 85, mmoja wenu anakosea, na mashine haina macho.

Mara ya kwanza ya programu yoyote mimi huipitisha hewani kwa kusogeza sifuri ya Z (mwelekeo wa urefu wa kazi) milimita 100 mbali na taya. Kisha naandika kwa chaki kwenye mlango wa mashine: Z IMESOGEZWA. Ukisahau kuirudisha, hasara yake ni ya aibu tu, kisu kitakata hewa. Lakini ukiirudisha mara mbili, si aibu tena.

Ofseti, yale marekebisho ya vipimo, zinanichanganya. Kuna njia rahisi?

Zigawe kichwani mara tatu. Ya kwanza ni mahali kazi ilipo: G54 na ndugu zake. Ya pili ni umbo la kisu, urefu wake na mahali ncha ilipo. Ya tatu ni uchakavu, kale kamarekebisho ka sehemu za mia za milimita unakokafanya baada ya kupima kwa maikromita. Kila kontrola inazo zote tatu, kurasa ndizo zinazotofautiana. Lethi ya Fanuc huita kisu na ofseti yake kwa pamoja, T0101. Siemens huvitenganisha, T na jina au namba ya kisu, kisha D1.

Nina kovu langu kwenye jambo hili. Zamu ya usiku, shafti ilitoka nene kwa milimita 0.05. Nilitakiwa kuingiza -0.05 kwenye uchakavu. Nikaingiza kwenye ukurasa wa umbo, na badala ya +INPUT, ambayo hujumlisha, nikabonyeza INPUT, ambayo hufuta iliyokuwapo na kuweka mpya. Namba iliyokuwa karibu na -182 ikawa -0.05. Bahati yangu mashine iligoma kwa alamu ya kuvuka mpaka, kwa sababu hesabu hiyo ilimtaka kisu aende juu kuliko reli inavyofika. Ingekuwa milingi, urefu wa kisu ukafutwa hivyo, kingezamishwa mezani.

Tangu siku ile kabla ya kugusa ofseti yoyote naipiga picha kwa simu. Picha haina gharama.

Mashine ya mtumba ilikuja bila vitabu. Nifanyeje?

Vitabu ni viwili, na watu husahau cha pili. Kimoja ni cha kontrola, kingine ni cha aliyetengeneza mashine yenyewe. Misimbo ya M mingi iko kwenye cha pili. Mashine moja hufunga na kufungua taya kwa M10 na M11, nyingine kwa M68 na M69. Ukiwa na kibandiko cha jina na namba ya mashine kilichopigiliwa nyuma yake, unaweza kumwandikia mtengenezaji au muuzaji wa aina hiyo.

Wakati unangoja, jaribu misimbo ya M mmojammoja kwenye MDI (ukurasa wa kuandika amri na kuitekeleza papo hapo), taya zikiwa tupu na mlango umefungwa, na uandike kila jibu kwenye daftari. Daftari letu limejaa mafuta na linanusa dizeli, lakini ndilo kitabu tunachofungua zaidi.

Na kabla ya hayo yote, nakili parameta. Zitoe kwenye kadi au kompyuta, na zikishindikana piga picha skrini moja baada ya nyingine hata kama ni mia mbili.

Kwa nini parameta? Si zimo ndani ya mashine?

Zimo kwa hisani ya betri. Kontrola nyingi za Fanuc huhifadhi parameta, programu na ofseti kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri ndogo ya lithiamu ya volti 3. Ikifa mashine ikiwa imezimwa, umebaki na kabati la chuma. Kwa hiyo betri hubadilishwa mashine ikiwa IMEWASHWA. Akili ya fundi umeme itakuambia uzime kwanza. Safari hii usiisikilize, lakini vidole vikae mbali na nyaya za umeme mkubwa. Neno BAT likimetameta kwenye skrini, usiseme kesho.

Betri za enkoda, vile vipimaji vya mahali kisu kilipo, nazo ni habari yake. Zikiisha, mashine husahau nyumbani kwake ni wapi, na utalazimika kuiweka upya sehemu ya rejea. Hapo mwite aliyewahi kuifanya.

Umeme wa hapa utaifaa mashine ya Japani?

Si moja kwa moja. Umeme wetu wa fezi tatu ni volti 415, mashine nyingi za Japani zinataka 200 hivi. Utahitaji transfoma, na isiwe ya kubania: spindo inapoanza kuzunguka hunyonya kwa ghafla. Baada ya kuunganisha, angalia pampu ya mafuta ya haidroliki inazunguka upande gani. Fezi zikibadilishana itazunguka kinyume, presha haitapanda na taya hazitafunga, nawe utahangaika na kontrola isiyo na kosa.

Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya tundu, ukirudi usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani. Mazoea ya lethi ni kupeleka X kwanza, na X ukiwa ndani ya tundu ni kugonga ukuta. Toa kisu kwa mkono, kwa Z, taratibu, mpaka kiwe nje kabisa.

Chumvi ya hewani je?

Kila jioni futa reli kwa mafuta, hasa ukiwa karibu na ufuo. Mlango wa kabati la umeme ufungwe. Najua kuna joto na unatamani kuuacha wazi na feni mbele yake, lakini unachokipuliza ndani ni chumvi. Mijusi nao wataingia, na mjusi mmoja kwenye bodi ya umeme anatosha.

Maji ya kupozea usichanganye na ya kisima chenye magadi. Kazi itatoka na kutu kabla hujaipanga kwenye sanduku. Tunatumia ya bomba, au ya mvua tuliyokinga masika.

Kasi za mkato nilizozijua zamani bado zinafaa?

Hesabu haijabadilika: elfu moja zidisha kwa kasi ya mkato, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Shafti ya chuma cha kawaida ya milimita 40, kisu cha kabidi kwa mita 120 kwa dakika, ni mizunguko 955 hivi. Kekee ya milimita 10 ya chuma cha kasi kwa mita 25 ni kama 800. Vipande vya kabidi vya siku hizi vinaweza zaidi, soma kiboksi chake. Chuma cha pua, ambacho ndicho kazi nyingi ya boti, kinataka mita chache na kisu kisichositasita. Kisu kikisugua bila kukata, chuma huwa kigumu na mkato unaofuata utakuvunjia ncha.

Naweza kujifunza bila mashine mbele yangu?

Sehemu kubwa, ndio. Siemens ina programu ya mazoezi iitwayo SinuTrain, Heidenhain ina yake ambayo toleo la majaribio ni bure lenye kikomo cha mistari. LinuxCNC huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida bila mashine yoyote, misimbo yake ikifanana na Fanuc kwa mengi. Nilikaa majioni mengi nikiangalia mistari ya rangi ikichora shafti kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Humo utajifunza kurasa na misimbo. Hutajifunza taya zimekaza kiasi gani.

Programu zangu za zamani ziko kwenye disketi. Nitazihamishaje?

Zikisomeka, kwa waya wa RS-232, huku pande zote mbili zikikubaliana juu ya kasi na idadi ya biti. Fanuc nyingi zinataka alama ya % mwanzo na mwisho wa faili. Lakini kama unahamia kontrola ya aina nyingine, ushauri wangu ni usizihamishe. Chukua michoro, andika upya. Siemens ina G291 ya kuifanya isome kwa lugha ya ISO kama Fanuc, na nilipoijua nilifurahi sana. Ikanichelewesha miezi miwili kujifunza lugha yake yenyewe.

Nimwambie tajiri kwamba kontrola hii siijui?

Mwambie, na umwambie siku ngapi unahitaji. Mashine ikigonga, atajua tu.

Kijana wa karakana anajua kompyuta kuliko mimi. Naona haya kumuuliza.

Muulize. Wetu alikuwa anafungua kurasa za Siemens kama anachezea simu, wakati mimi natafuta miwani. Ila siku ya kwanza aliweka shafti ndefu ya pampu kwenye taya bila kuishikilia upande wa pili, akataka kuizungusha mizunguko 1,500. Nikamwambia, "Mwanangu, subiri," nikaisukuma ncha kwa kidole, ikayumba. Aliona mwenyewe. Tangu hapo yeye ananionyesha kurasa, mimi namwonyesha chuma.

Itanichukua muda gani?

Bushi za kwanza nilizitoa wiki ya pili, kila mstari kwa SINGLE BLOCK. Mwezi wa tatu niliacha kusogeza Z kwa kazi nilizokwisha kuzifanya. Hesi ya ndani, mpaka leo, naipitisha kwanza hewani na kidole changu kiko juu ya kile chekundu.